Vichwa vya Mji Mzima Uani Kwetu

Nikiulizwa nilisomea wapi mambo ya utawala, hutaja chuo kikuu, kwa sababu ndilo jibu linalotarajiwa na nina cheti cha kulithibitisha. Lakini nilianza masomo hayo mapema zaidi, uani kwetu Kilwa Kivinje, nikiwa sijatimiza miaka tisa, mbele ya vyungu thelathini na kimoja vilivyovaa kofia.

Mama yangu alikuwa akifua kofia za wanaume. Naomba nieleweke: hakuwa akizishona. Kushona kofia ni kazi ya sifa. Kofia nzuri ikionekana harusini watu huuliza imeshonwa na nani. Aliyeifua haulizwi. Hata hivyo kofia nyeupe ya bulibuli, ikishakaa majuma mawili juu ya mtu anayefikiri sana, au asiyefikiri lakini anatoka jasho, hugeuka rangi ya chai ya maziwa na kulala upande kama kuku mgonjwa. Dobi wa mjini alizipiga pasi kwa ustadi mkubwa na kuzirudisha bapa kama bahasha. Aliyeivaa alionekana kama mtu aliyetumwa kupeleka barua akakosa pa kuishika.

Mama alikuwa na njia yake. Aliifua kofia kwa sabuni na ndimu, akaichovya kwenye wanga wa muhogo uliopikwa ukawa mwepesi kama uji wa mgonjwa, kisha akaivalisha chungu kilichogeuzwa kifudifudi na kuikanda kwa vidole mpaka ikakaa sawa. Jua lilimaliza kazi. Kofia zililetwa Jumatano, zikaanikwa Alhamisi, na Ijumaa asubuhi zilikuwa zimesimama wima, nyeupe, tayari kwa sala. Ila kwa njia hiyo kila mteja alihitaji chungu chenye ukubwa wa kichwa chake, si zaidi wala si pungufu.

Vyungu vilifinyangwa na mama mmoja wa Kimatumbi aliyeshuka mjini kila mwezi na mzigo wake. Mama alimpa kipimo kwa uzi.

"Dada," yule mfinyanzi alimwuliza siku moja, akiupima ule uzi kwenye kiganja, "nyinyi watu wa pwani mnapika nini kwenye chungu cha ukubwa huu?"

"Hicho tunampika Liwali," mama alijibu.

Mama alijua ukubwa wa kila kichwa mjini, na alitulisha kiapo. Atakayethubutu kutaja nje ya ua kichwa cha mtu kina shubiri ngapi, hatakaa ajue ladha ya sukari tena. Tuliapa. Sasa mama amefariki na mimi nina sukari yangu mwenyewe, kwa hiyo naweza kusema kwamba kichwa cha Liwali kilikuwa kidogo kupita vyote, ukiondoa cha mdogo wangu wa miaka mitano, na kwamba kichwa kikubwa kuliko vyote Kivinje kilikuwa cha muuza kahawa.

Kazi hii aliianza alipotoka eda. Baba alikuwa karani wa ghala; alishikwa na homa Jumatatu, tukamzika Ijumaa. Alituacha watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume, na mdogo wetu wa kike ambaye wakati ninaousimulia ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea, na alitembea kuelekea motoni tu. Palipokuwa na sufuria ya wanga inayochemka, huko ndiko alikokwenda. Mama alimfunga kiunoni kwa khanga na ncha ya pili akaifunga kwenye shina la mpera, akampimia urefu vizuri: afike kwenye kivuli, afike kwenye bakuli lake la uji, asifike jikoni. Mdogo wangu wa kiume alihitaji kuangaliwa kwa njia nyingine, kwa sababu alikuwa anakula wanga. Mama alikuwa akikanda kofia ya mtu mzito huku akisema bila kugeuza shingo, "Wewe, tema," na kweli ukimtazama mtoto, mashavu yamejaa.

Mimi nilikuwa mkubwa, kwa hiyo nilikabidhiwa serikali. Alhamisi mchana, vyungu vikiwa vimepangwa juani na kofia zao, tulicheza baraza. Liwali mbele, Kadhi kuliani, karani wa forodha, muadhini, wenye maduka, wavuvi wakubwa, muuza kahawa nyuma kabisa ingawa aliwafunika wote kwa ukubwa. Mimi niliwasemea. Walishitakiana, wakahukumiana, wakatozana faini za majani ya mpera, na aliyekaidi nilimgeuza uso ukutani.

Baba mkubwa alitukuta katika hali hiyo. Alikuwa kaka yake marehemu baba, karani mkuu wa shamba moja la mkonge upande wa Lindi, mtu mwenye kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kuonekana. Alikuja kwa lori katikati ya Ramadhani, akafikia kwa rafiki yake, na jioni ya pili akaja kufuturu barazani kwetu. Mama alikaa ndani nyuma ya mlango. Baba mkubwa alikunywa uji wa pilipili manga, akapangusa masharubu, akasema alichokijia.

"Shemeji, hawa ni watoto wa ndugu yangu. Hawawezi kulelewa katika nyumba ya kufulia. Nimekwisha zungumza na Kadhi. Siku ya tatu ya Idi tutakaa mbele yake, na mimi nitarudi nao Lindi."

Ndani upawa uligonga sufuria.

"Uji nikuongeze, shemeji?" mama aliuliza.

"Niongeze."

Alipoondoka alivua kofia yake, akaipitisha mlangoni. "Na hii nayo uitazame, kwa ajili ya Idi. Ya Lindi haishiki wanga vizuri."

Mama akaipokea, akaitafutia chungu kati ya vile vya akiba. Asubuhi alitukalisha chini. Idi ile, alisema, kila mwanaume mjini lazima avae kofia safi kuliko aliyowahi kuvaa maishani mwake, kwa saa yake, bila doa, na watu waseme wenyewe kwamba nyumba hii inaendeshwa na mtu anayejua anachokifanya. Kadhi atakuwa mmoja wa watakaoivaa. "Akiona kazi yangu imenyooka, ataona na watoto wamenyooka," alisema. Kisha akamwambia mdogo wangu ateme.

Hapo ndipo elimu yangu ilipoingilia kati.

Nilikuwa darasa la tatu, msichana pekee aliyefika hapo katika mtaa wetu, na mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kwamba kitu kisichoandikwa jina si kitu cha kistaarabu. Darasani kila kitu kilikuwa na karatasi: ubao umeandikwa UBAO, dirisha limeandikwa DIRISHA, tusije tukakosea tukatoka dirishani. Sasa nikitazama vyungu vya mama, niliona aibu. Mama hakujua kusoma. Alikuwa amevichora kwa mkaa alama zake mwenyewe: mistari miwili, msalaba uliopinda, kidudu kama nge, duara lenye mkia. Kila alama ilikuwa mtu. Mimi niliona uchafu.

Siku mbili kabla ya Idi, mama akiwa amekwenda kisimani, niliviosha vyungu vyote thelathini na kimoja. Nilivisugua kwa mchanga, alama zikatoka zote. Kisha nikachana daftari, nikaandika kwa mwandiko wangu bora LIWALI, KADHI, KAHAWA, BABA MKUBWA, na wengine wote, nikabandika karatasi kwa wanga, kila chungu na cheo chake. Mama alipoingia na ndoo kichwani alisimama. Alivitazama vyungu, akanitazama mimi.

"Umeandika wote?"

"Wote, mama."

"Na unajua kusoma ulichoandika?"

Nikamsomea mmoja baada ya mwingine. Mama alitua ndoo na kukaa juu ya kinu. Nadhani alitaka kunipiga, na nadhani vilevile alitaka mtu aje aone. Mwisho aliita jirani yetu juu ya ukuta. "Shoga, njoo umwone huyu mtoto alivyoufanya ua wangu ukawa ofisi."

Jioni ya mwezi ishirini na tisa mbingu ilifunga. Watu walikwenda pwani kutazama mwezi, wakaona mawingu, wakarudi. Kadhi akatangaza kwamba mwezi haukuonekana, tutafunga siku ya thelathini, Idi ni kesho kutwa. Mama akafanya alivyofanya kila mwaka. Asubuhi ya siku ya thelathini, alfajiri, alizifua kofia zote, akazitia wanga, akazivisha vyungu, ili zishinde zikikauka na jioni zichukuliwe.

Saa tatu asubuhi tarishi wa boma aliingia mjini kwa baiskeli kutoka Masoko, na karatasi kutoka kwa Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya. Simu imekuja: mwezi umeonekana kwingine, leo ni Idi.

Nimesoma vitabu kadhaa juu ya ukoloni, na vyote vinaeleza kwa kina jinsi serikali ya Mwingereza ilivyotawala ardhi, kodi na pamba. Sijaona kinachoeleza ilivyotawala mwezi. Liwali, ambaye alilipwa na serikali hiyo, alishika karatasi na kusema mwezi wa simu ni mwezi. Kadhi, ambaye pia alilipwa na serikali hiyo lakini alikuwa ametangaza vinginevyo jana yake mbele ya umati, alisema mwezi huonekana kwa macho, na waya hauna macho. Liwali akauliza je, Kadhi anasema Bwana Shauri ameongopa? Kadhi akasema hajasema hivyo. Liwali akauliza amesemaje basi? Walibishana mbele ya msikiti mpaka saa nne na nusu, mji mzima umefunga na haujui kama unapata thawabu au unatenda dhambi, kwa maana kufunga siku ya Idi ni haramu. Mwisho alitokea mvuvi mmoja aliyesema alikuwa ameuona mwezi jana jioni, ila hakutaka kuwasumbua wakubwa. Kadhi alimshukuru kwa uchungu. Ikawa Idi, na sala ya Idi ina mwisho wake: kabla ya adhuhuri.

Ndipo kila mwanaume wa Kivinje aliposhika kichwa chake na kukumbuka kofia yake iko wapi.

Walianza kuja wakiwa wanatembea, baadaye wakawa wanakimbia. Wakubwa walituma watumishi, wadogo walikuja wenyewe. Mlango wetu uligongwa mpaka vumbi likadondoka darini.

"Kofia ya Liwali."

"Ya muadhini, haraka, anatakiwa kuongoza takbira."

"Ya kwangu mwenyewe, mama, nipe hata kama mbichi."

Uani zilikuwa thelathini na moja, zote zinadondosha maji, na jua halipo. Mama alisimama kidogo tu, mikono kiunoni. Kisha akachukua koleo, akachota makaa kutoka jikoni, akainua chungu cha kwanza na kusukuma makaa chini yake. Akafanya hivyo cha pili, na cha tatu. Jirani akarusha makaa yake juu ya ukuta kwa ungo wa bati. Punde si punde vyungu vyote vilikuwa na moto tumboni, na kofia zikaanza kutoa mvuke. Nikiwa nyuma ya mlango nilitazama vichwa vya mji mzima vikifuka, Liwali anafuka, Kadhi anafuka, karani wa forodha anafuka zaidi ya wote, na mdogo wetu wa kike analia kwa hamu mwisho wa khanga yake, kwa maana hajawahi kuona moto mwingi kiasi kile na haufikii.

"Wewe toa," mama aliniambia. "Mimi siwezi kutoka mlangoni na uso huu. Zilizokauka zipeleke, uwape wenyewe. Si umeandika?"

Nilikuwa nimeandika. Lakini karatasi niliyoibandika kwa wanga, wanga nao ukapata moto na mvuke, ilikuwa imeanza kuachia. LIWALI lilikuwa chini kwenye majivu. KADHI lilikuwa limejikunja kama jani la mgomba. KAHAWA lilikuwa linaungua. Na chini yake vyungu vilikuwa safi, visivyo na nge wala msalaba, jinsi nilivyovisugua mwenyewe.

Ningeweza kumwambia mama. Yeye angevijua vingi kwa macho tu, angenionesha. Lakini nilikuwa nimesomewa sifa juu ya ukuta siku mbili kabla, na mtu aliyekwisha sifiwa hapendi kusema sijui. Nilishika kofia, nikaitazama kwa namna ya mtaalamu, nikafungua mlango kidogo na kusema, "Ya Liwali hii." Nilisema kwa sauti ya uhakika kabisa. Baadaye nimefundisha wanafunzi kwa sauti hiyohiyo, na mara kadhaa nikiwa na ujuzi uleule.

Idi ilisaliwa msikitini kwa sababu mvua ilikuwa inanyemelea. Sisi watoto tulijazana madirishani. Mwanzoni nilijipa moyo. Kisha wakapanga safu, na nikaona nilichokifanya.

Liwali alikuwa amevaa kofia ya muuza kahawa. Ilimshuka mpaka kwenye nyusi na kukaa juu ya masikio, akaonekana mtu mzito mwenye mawazo, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Muuza kahawa alikuwa amevaa ya Kadhi. Ilimbana utosini kama kifuniko cha birika. Na Kadhi, aliyetakiwa kutusalisha, alikuwa amevaa ya Liwali. Ilikuwa ndogo mno kukaa, na kwa sababu wanga uliokaushwa kwa makaa huwa mgumu kama bati, haikuweza kunyooka. Ilisimama tu juu yake. Alipokwenda sijda ilimtoka, ikagonga sakafu, ko, ikabingirika mpaka ukutani. Aliiokota baada ya salamu. Katika hotuba aliishika kwa mkono mmoja, na nilisikia bibi mmoja nyuma yangu akisema, "Tazama Sheikh anavyoshika kichwa, dunia hii inamwuma." Baba mkubwa alikuwa safu ya pili, na kofia ambayo sijui hata leo ilikuwa ya nani. Mbele kabisa, katikati ya paji, kaa la moto lilikuwa limeiacha alama ya kahawia, duara zuri, kubwa kama jicho.

Hakuna aliyelalamika. Kwanza, mtu hawezi kusimama msikitini siku ya Idi na kusema kichwa changu si kikubwa hivi. Pili, kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Malalamiko yalikuja baada ya pilau, kimya kimya, kupitia mlango wa nyuma. Wa mwisho alikuwa mtumishi wa Liwali.

"Liwali anasema chungu chake kilikuwa kidogo tangu mwanzo. Kiongezwe."

"Kiongezwe kiasi gani?" mama aliuliza.

"Kifike kama hii aliyovaa leo."

Mama alingoja aondoke ndipo alipokaa chini. Hakunipiga. Aliniuliza tu, "Ulijua kwamba hujui?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na keshokutwa tuko mbele ya mtu uliyemvua kofia kwenye sijda." Nikamwona anatazama mikono yake, iliyoungua vidole vitatu.

Siku ya tatu tulikwenda. Kadhi alikaa barazani kwake juu ya mkeka, amejifunga kilemba, maana kofia yake bado ilikuwa na muuza kahawa, ambaye alisema ataileta akikumbuka. Karani wake alikuwa pembeni na daftari. Mama aliingizwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, pamoja na mdogo wetu. Mimi na mdogo wangu wa kiume tulikalishwa mkekani. Shikamoo zikatolewa, marahaba zikapokelewa, na baba mkubwa akaanza.

"Sheikh, mimi sina ugomvi na shemeji. Ni mwanamke mwema. Lakini ile si nyumba, ni karakana. Mtoto wa mwisho anafungwa kamba kama mbuzi."

"Ni khanga," mama alisema nyuma ya pazia.

"Anafungwa khanga kama mbuzi."

"Mbuzi hufungwa asile vya watu. Wangu namfunga asiungue."

"Huyu wa kiume analishwa wanga."

"Halishwi. Anaiba."

"Umesikia, Sheikh? Anaiba. Na huyu mkubwa, huyu ndiye aliyechanganya kofia za watu wazima siku ya Idi. Na nimemwona kwa macho yangu anaendesha baraza la vyungu. Kuna chungu cha Liwali, cha muadhini na, uniwie radhi, kuna chako."

Kadhi aligeuka taratibu akanitazama. Nilitamani sakafu inimeze.

"Changu husema nini?" aliuliza.

Nilitazama pazia. Pazia halikunisaidia.

"Husema, 'Tutalitazama, inshaallah.'"

"Basi?"

"Halafu husema tena."

Karani wa Kadhi alipatwa na kikohozi, ikabidi ageuke. Kadhi alimngoja amalize.

"Na cha Liwali?"

"Cha Liwali hakisemi. Kinangoja barua kutoka Masoko."

Kadhi alishusha macho kwenye mkeka. Ndevu zake zilitikisika kidogo. Alipoinua uso ulikuwa wa mtu wa sheria tena.

"Ukiwachukua," alimwuliza baba mkubwa, "nani atawalea?"

"Wake zangu, Sheikh. Ninao wawili."

"Wamesemaje?"

"Bado sijawaambia."

"Aha. Na shemeji yako, watoto wakiondoka, atabaki hapa Kivinje?"

"Hapana, atakaa na nani? Atarudi kwao Milola akalime."

"Atarudi Milola," Kadhi alirudia, na mkono wake ukapanda wenyewe ukagusa kilemba. "Akalime."

Kisha akasoma Kiarabu kingi. Kwa kifupi alisema kwamba wadogo wawili, kwa umri wao, ni wa mama mpaka watakapoweza kupambanua mambo. Mimi nilikuwa nimefika umri huo, kwa hiyo sheria inanitaka nichague mwenyewe kati ya mama yangu na ndugu wa baba yangu, na wadogo wakikua wana haki ya kumfuata mkubwa wao. Sijui mpaka leo kama ilikuwa sheria iliyozungumza au wanga. Sheria niliikuta baadaye vitabuni, ipo vilevile alivyoisoma. Lakini vitabu haviagizi namna ya kuliuliza swali.

"Mjukuu wangu, usiogope. Unataka kukaa na mama yako mzazi, aliyekubeba miezi tisa, akakunyonyesha miaka miwili, ambaye pepo iko chini ya nyayo zake, au unataka kwenda Lindi?"

"Sheikh, swali hilo limeelemea upande," baba mkubwa alisema.

"Basi linyooshe wewe."

Baba mkubwa alinigeukia. Akasema nyumba yake ni ya bati, madirisha yake yana vioo. Akasema ana gramafoni, na sahani zake za muziki ni kumi na mbili. Akasema Lindi kuna shule ya wasichana peke yao, wanakalia madawati, kila mmoja na lake. Alisema vizuri, bila hila, na sasa nikiwa mtu mzima naamini angetimiza yote.

Ningependa kuandika kwamba nilijibu kabla hajamaliza. Wasomaji wangenipenda, na wanangu, ambao wamekwisha sikia kisa hiki mara nyingi, huwa wanasikia hivyo. Lakini nilinyamaza. Nililiona dawati. Niliona gramafoni, na mimi nimeketi karibu yake na daftari lisilochanwa. Nyuma ya pazia mdogo wetu alikuwa analialia, mara akanyamaza, nadhani mama alimziba mdomo ili asikie. Karani alichovya kalamu na kusubiri, wino ukadondoka kwenye daftari, akaichovya tena. Muda ulikuwa mrefu kiasi hicho.

Na lililoniamulia halikuwa upendo, Mungu anisamehe. Nilikumbuka kwamba baba mkubwa ana mabinti watano, wote wakubwa kuliko mimi, wote hodari wa kusuka na kukaripia. Kule ningekuwa wa sita. Ningetumwa maji na wa tano. Kwa mama nilikuwa na Liwali wangu, Kadhi wangu na mji mzima, na hakuna aliyekohoa bila ruhusa yangu. Mtu aliyeonja madaraka ya namna hiyo hayaachi kwa gramafoni.

"Nitakaa na mama," nikasema.

Kadhi akamwambia karani aandike upesi.

Tulirudi nyumbani mama akiwa mbele, mtoto mgongoni. Hakugeuka mpaka tulipofika kwenye kona ya kwetu.

"Ulikuwa unafikiria nini muda wote ule?"

"Nilikuwa nasoma dua."

"Dua ndefu," mama alisema.

Hakuniuliza tena, siku ile wala baadaye. Lakini kuanzia hapo alibadilika, na kubadilika kwake kulikuwa kubaya kuliko kipigo. Alinisemesha kwa upole. Aliniongezea nyama. Alinunua daftari jipya. Nilipochelewa kutoka shuleni alisema, "Umechoka, mwanangu, pumzika," kwa sauti aliyoitumia kwa wateja. Akitaka nimshikie mtoto aliniuliza kama nina nafasi. Wadogo zangu waliendelea kufokewa kama watoto wa nyumbani, mimi nikawa mgeni ambaye anaweza kuamka asubuhi akaaga. Wiki nne mama yangu alinilea kama mtu anayemwogopa, na sikuwa na maneno ya kumwambia aache, kwa sababu alikuwa amesikia ule ukimya na mimi nilikuwa nimeunyamaza.

Jumatano ya tano alinikabidhi sufuria ya wanga niikoroge, akaenda kuchambua kofia. Nilikuwa na kitabu kwenye paja. Nilifika mahali pazuri, mwiko ukasimama, na niliposhtuka wanga ulikuwa umeshika chini, umeungua, unanuka mpaka kwa jirani, na kofia kumi na nane zinasubiri.

Mama alifika akaitazama sufuria. Nilimwona anapigana na ule upole, nikaona umeshindwa.

"Nikuulize," alisema, na sauti ilikuwa yake ya zamani, iliyovuka ukuta na kufika mtaa wa pili. "Hicho kichwa chako na hivi vyungu, tofauti ni nini? Angalau chungu nikikiweka mahali kinakaa. Funga hilo likitabu, chukua mchanga, sugua sufuria mpaka nijione uso, halafu kamenye muhogo mwingine, na ole wako nikukute umeukalia. Unaniangalia nini? Nimeota pembe?"

"Hapana, mama."

"Basi nenda."

Nilikwenda kusugua. Nilisugua kwa bidii, nikilia kwa raha, na mdogo wangu wa kiume alikuja kuchungulia ndani ya sufuria akauliza kama ule ulioungua unalika.